Soko lililopimwa siku ya maji mafu: kisa cha mji mdogo wa pwani

Kisa na mipaka yake

Mji mdogo mmoja wa pwani ya Tanzania Bara ulijengewa soko zuri la samaki, lenye meza za vigae, maji ya bomba na chumba cha barafu. Mwezi mmoja tangu lifunguliwe, samaki walikuwa hawaonekani sokoni, ushuru wa halmashauri ulikuwa umeanguka, na mgambo walikuwa wakifukuzana ufukweni na wanawake wenye ndoo vichwani. Fedha za mradi hazikuliwa na mtu. Kikao hakikurukwa hata kimoja. Kila karatasi iliyotakiwa ilikuwepo, na nyingi niliziandika mimi, kwani nilikuwa mtendaji wa kata hiyo.

Jina la mji na la wilaya nimeliondoa, miaka pia, na idadi ninazotaja za mji huo nimezizungusha ili watu wasitambulike. Mpangilio wa matukio sikuugusa. Nawaandikia hasa watendaji, madiwani na maofisa mipango wanaopangiwa halmashauri za pwani wakitokea bara, kama nilivyopangiwa mimi, niliyekulia mahali ambapo maji mengi niliyoyajua ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe.

Usuli: diko, ushuru na watu wake

Mji wenyewe una ofisi za serikali upande wa juu, msikiti wa Ijumaa na maduka katikati, na bahari chini. Uko ndani ya halmashauri ya wilaya inayoongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kwa hiyo jambo lolote la fedha lilipanda ngazi zinazojulikana: vitongoji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inayokaa kila mwezi, kisha Baraza la Madiwani linalokaa kila robo mwaka.

Mapato ya ndani yalitegemea vitu viwili. Korosho zilileta fedha kwa msimu. Samaki walileta fedha kila siku, kidogo kidogo, na fedha hizo ndizo zilizonunua mafuta ya gari la wagonjwa na karatasi za ofisi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Kwa hiyo ushuru wa samaki ukitikisika, vikundi vya akina mama vinaumia hata kama vinafuga kuku.

Diko la zamani, yaani mahali vyombo vinaposhusha samaki, liko ubavuni mwa mkondo unaotoka kwenye mikoko. Hapo bahari imechimba mfereji, na maji hayakauki hata yakipwa. Vyombo viliegesha karibu, samaki wakamwagwa juu ya turubai lililotandikwa mchangani, dalali akapaza sauti, mnada ukaisha kabla jua halijawa kali. Hapakuwa na paa, choo wala bomba. Ofisa afya aliandika zaidi ya mara moja kuhusu nzi na maji machafu, na alikuwa na haki.

Kabla sijaendelea, niwataje watu wa diko, kwani kosa letu kubwa lilianzia kwenye kutowajua. Kuna manahodha na mabaharia. Kuna madalali wa mnada. Kuna wachukuzi, vijana wanaobeba kutoka chomboni hadi nchi kavu. Kuna matajiri wa dagaa wanaokuja na malori na kupeleka bara, wengine hadi Kongo. Na kuna mama karanga, wanawake wanaonunua ndoo mbili au tatu, wakakaanga samaki au wakachemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuanika. Kwa hesabu ya vichwa, mama karanga walikuwa wengi kuliko wote hao ukiwatoa mabaharia.

Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu huviita BMU. Chetu kilikuwepo, kina katiba na muhuri. Viongozi wake walikuwa wenye vyombo. Mama karanga hana chombo, na kwa hiyo hakuwa na kiti.

Mambo yalivyokwenda

Fedha za kujenga soko zilipatikana katikati ya mwaka wa fedha, na sharti lake lilikuwa la kawaida: zitumike kabla mwaka haujafungwa Juni. Swali likawa eneo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na diko la zamani lilikuwa lote ndani ya mita hizo, huku nyuma yake kukiwa na nyumba za watu. Halmashauri ilikuwa na kiwanja chake upande wa pili wa mji, nje ya mita 60, chenye hati na barabara. Ofisa mipango alipendekeza kiwanja hicho. Ningekuwa mimi, ningependekeza hichohicho.

Tukaenda kukagua eneo: diwani, injinia, ofisa uvuvi, ofisa mipango, mwenyekiti wa BMU na mimi. Tulifika saa 4 asubuhi, kwani ndiyo saa ambayo gari la halmashauri hupatikana baada ya watu kusaini na kunywa chai. Bahari ilikuwa imetulia, maji yako karibu na ukingo, ngalawa moja imefungwa hatua chache kutoka tuliposimama. Nikaandika katika muhtasari: "Wajumbe walijionea kuwa vyombo vinaweza kutia nanga karibu na eneo la mradi." Sentensi hiyo ilisafiri hadi Baraza la Madiwani bila kubadilishwa neno.

Mkutano wa hadhara ulifanyika uwanja wa shule, nao saa 4 asubuhi, siku ya kazi. Mahudhurio yalitosha. Wengi walikuwa wanaume wa mjini, wenye maduka na bodaboda. Mama karanga saa hiyo wako kwenye masufuria, na dagaa hawasubiri. Nahodha mmoja mzee alisimama karibu na mwisho akauliza kama tumeliangalia eneo wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Ofisa mmoja akamjibu kuwa wataalamu wameshakagua. Niliandika swali lake chini ya "Mengineyo", bila jibu.

Ujenzi ulikwenda kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mafundi wa hapohapo, kamati ya ujenzi ikisimamia, na kazi ilikuwa nzuri. Madiwani walikuwa wamepelekwa kuona Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa Japani, wakarudi na mawazo ya meza, mifereji ya maji machafu na vibanda vya kukaangia. Kimo cha meza kilipangwa baada ya kuwaita wanawake watano waje wasimame na kuonyesha mikono yao inafika wapi. Baadaye hapakutokea mtu wa kulalamikia meza hizo.

Soko lilifunguliwa, na siku za kwanza zilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Vyombo vilikuja, mnada ukafanyika chini ya paa, mkusanya ushuru akakaa kwenye kiti na mashine yake ya posi. Tulipeana mikono.

Siku ya sita mambo yakaanza kugoma. Ya nane, chombo cha kwanza cha dagaa kilisimama mbali kabisa, mahali ambapo watu walionekana kama vijiti. Mbele ya soko hapakuwa na bahari. Palikuwa na tope, majani ya baharini na vidimbwi. Wachukuzi walitembea na ndoo vichwani, tope likiwafika katikati ya miundi, wakadai malipo mara mbili, na kwa kazi ile hawakudai sana. Dagaa walifika mezani jua limepanda, matumbo yamepasuka, maji yao yamekuwa mekundu. Tajiri mmoja wa lori alitia mkono kwenye ndoo, akaunusa, akapanda garini bila kuagana na mtu.

Baada ya siku mbili manahodha wote walirudi diko la zamani.

Bahari na saa 4 asubuhi

Asiyekulia pwani anahitaji maelezo hapa, kama nilivyoyahitaji mimi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katika pwani yetu tofauti ya kimo cha maji kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Tofauti ya kimo hushuka hadi mita 1 hivi, na saa zimegeuka: maji hujaa karibu saa 4 asubuhi.

Ukitazama bahari hiyo saa 4 asubuhi, basi, siku moja utaiona imejaa karibu na ukingo, na baada ya wiki, saa ileile, utaona uwanja wa tope. Gari la halmashauri hutoka saa 4 asubuhi mwaka mzima.

Kuna na jambo la dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hao hupumzika, kwani taa haiwavuti samaki. Shehena kubwa kabisa ya mwezi huja giza likiwa nene, karibu na mwezi mwandamo, na vyombo hurudi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Hizo ndizo siku za bamvua, maji yakikimbilia kupwa. Soko letu lilikosa maji siku zilezile ambazo samaki walikuwa wengi kuliko siku nyingine zote.

Uamuzi wa kufunga diko

Uamuzi wa kujenga pale ulikuwa kosa la kutojua. Uliofuata ulikuwa mzito zaidi, kwa maana tuliufanya tukiwa tumeshaona tope.

Ofisi iliyokuwa juu yangu ilitoa tangazo: kuanzia Jumatatu, hakuna mnada wala ushuru kukusanywa mahali popote isipokuwa soko jipya. Atakayekaidi atatozwa faini na mizani yake kuchukuliwa. Nililibandika tangazo hilo mimi mwenyewe kwenye mwembe wa diko.

Sababu zilieleweka. Mradi umekamilika na hautumiki, na mkaguzi akija hoja ya kwanza itakuwa hiyo. Wageni wa mkoa walikuwa wametangazwa. Tena kulikuwa na imani, na mimi nilikuwa nayo, kwamba watu wa diko wamezoea vibaya, wanataka kukwepa risiti, wakibanwa kidogo watazoea. Tulizungumza juu yao kama wanafunzi watoro.

Kilichofuata kilichukua wiki tatu. Mkusanya ushuru alikaa soko jipya na posi yake mbele ya meza tupu. Diko la zamani mnada uliendelea alfajiri, kwa sauti ya chini, bila risiti. Ushuru ambao jana ulikuwa halali tuliugeuza magendo kwa karatasi yetu wenyewe. Mgambo walipoanza kufika alfajiri, vyombo vikahamia diko la kijiji kilicho upande wa pili wa mpaka, katika halmashauri ya jirani, na ushuru wetu ukalipwa huko. Matajiri wa malori wakafuata samaki. Mama karanga hawana malori. Waliobaki walinunua masalio kwa bei ya juu, au hawakununua.

Mama mmoja alinyang'anywa ndoo mbili za dagaa zikamwagwa. Niliitwa kusuluhisha nikifika zimeshamwagwa. Alikuwa ameinama anaokota kwa kiganja, na mchanga uko ndani ya kila kiganja.

"Mwezi ngapi?"

Siku iliyonibadilisha nilikwenda sokoni kukagua usafi. Bibi mmoja, mama karanga wa miaka mingi, alikuwa peke yake kwenye meza ya mwisho na sinia la samaki wachache. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu soko lenu."

Kwenye nguzo ya tatu, nyuma yake, kulikuwa na alama za mkaa. Safu ndefu: duara, duara, duara, kisha misalaba mfululizo, kisha tena maduara. Nikadhani ni watoto. Akaniambia ni yeye. Kila asubuhi alipofika aliangalia kama chombo kinaweza kufika karibu na ukingo mbele ya soko. Kikiweza, duara. Kisipoweza, msalaba.

"Mlipokuja kupima hapa, ilikuwa mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe.

"Sikuulizi tarehe, Mtendaji. Nakuuliza mwezi ngapi."

Alitaka siku ya mwezi mwandamo, nami sikuwa na jibu. Akahesabu yeye kwa vidole, akirudi nyuma tangu Ramadhani, akafika. "Mwezi ishirini na mbili. Maji mafu hayo. Mngekuja wiki ile nyingine msingejenga."

Nilirudi ofisini nikafungua jalada, nikalinganisha na kalenda ya Kiislamu iliyokuwa ukutani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ukaguzi wetu: mwezi 22. Siku ya ufunguzi: mwezi 22 mwingine. Siku chombo cha dagaa kilipokwama kwenye tope: mwezi 29.

Nilichora alama zake kwenye karatasi, zote, na tarehe za ofisi pembeni. Karatasi hiyo niliiambatisha kwenye taarifa ya kata. Sijawahi kuambatisha kitu kilichofanya kazi kubwa kama hiyo.

Kurudi nyuma, hatua kwa hatua

Diwani ndiye aliyelibeba jambo. Angeweza kukaa kimya, kwani jina lake liko kwenye jiwe la msingi. Alisimama kwenye kikao cha kamati akasema kwamba alikuwepo siku ya ukaguzi, alitazama bahari, na hakuuliza alichokuwa anakitazama. Akaomba ukaguzi wa pili, siku atakayoipanga bibi wa nguzo ya tatu.

Bibi akapanga: mwezi pili, saa 2 asubuhi. Safari hii walikuja pia mama karanga wanne, wachukuzi wawili na nahodha mzee wa "Mengineyo". Injinia alikunja suruali akavuta utepe kutoka ukuta wa soko hadi chombo cha karibu: zaidi ya mita 400. Diwani alijitwisha ndoo ya dagaa akatembea nayo umbali huo. Alipofika alikuwa hawezi kuzungumza. Watu hawakumcheka. Mchukuzi mmoja alimpokea ndoo akamwonyesha mahali pa kukaa.

Kamati ilikuwa na njia tatu mbele yake. Kujenga gati au kuchimba mfereji kuliondolewa mapema: gharama ilizidi soko lenyewe, na kungehitaji tathmini ya athari kwa mazingira katika eneo la nyasi bahari. Kuliacha soko na kurudi kama zamani kulipendwa na manahodha, lakini kungeacha samaki mchangani na jengo la umma likiota majani. Njia ya tatu ilitoka kwa wanawake, wala haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha mradi: kugawa kazi.

Mnada hauhitaji jengo. Unahitaji maji ya kuelea chombo, kivuli cha muda wa saa tatu na mahali safi pa kumwaga samaki. Kusafisha, kukaanga, kugandisha na kuuza rejareja ndiyo kunahitaji bomba, mfereji na paa. Kwa hiyo mnada ukarudishwa diko la zamani, juu ya meza za mbao zinazobebeka na chini ya maturubai yanayofungwa asubuhi na kufunguliwa mchana. Ofisa mazingira aliandika maoni kwamba hilo si jengo la kudumu. Baada ya mnada, samaki wa rejareja, wa kukaangwa na wa barafu walikwenda soko jipya kwa bajaji za mizigo. Posi ziliwekwa pande zote mbili. Siku za maji mafu, chombo kinachotaka kushusha soko jipya kinaruhusiwa.

Lile tangazo la kufunga diko liliondolewa. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa ameshaonya kwamba faini zile hazikuwa na mguu wa kusimamia, kwa kuwa tangazo si sheria ndogo. Mizani zilirudishwa. Mama wa ndoo mbili alilipwa na watu wachache kwa mchango wao binafsi, kwani hapakuwa na kifungu cha bajeti cha kumlipa. Hilo bado linaniuma.

Matokeo

Vyombo havikurudi vyote mara moja. Wengine walikuwa wameshaelewana na madalali wa kijiji cha jirani na ilichukua misimu miwili kuwarejesha. Ushuru ulipanda taratibu ukafikia ulipokuwa kabla ya soko, kisha ukazidi kidogo, hasa kwa sababu chumba cha barafu kilianza kuleta ada yake na wakaangaji walilipia vibanda. Mkaguzi aliibua hoja kuhusu jengo lililotumika chini ya uwezo. Ilijibiwa kwa mpango wa matumizi mapya na muhtasari wa ukaguzi wa pili. Mama karanga wawili waliingia uongozi wa BMU baada ya katiba kurekebishwa.

Uchambuzi

Mtu anayesoma kisa hiki haraka atasema hatukushirikisha wananchi. Jalada linasema tulishirikisha. Kulikuwa na mkutano, saini, picha. Tatizo ni kwamba mkutano uliwekwa saa ambayo wenye kujua hawawezi kuja, na yule mmoja aliyekuja akauliza swali la msingi aliwekwa kwenye "Mengineyo". Mwandishi wa muhtasari ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Ningeliandika swali la nahodha kama hoja yenye mtu wa kuijibu na tarehe ya kujibu, Kamati ya Fedha ingeliona. Niliandika sentensi yangu kuhusu vyombo kutia nanga kwa uhakika wote, bila saa, bila mwezi, na ofisi zote za juu ziliiamini kwa sababu ilisomeka vizuri.

Majedwali ya maji kupwa na kujaa huchapishwa kila mwaka kwa bandari kubwa za pwani. Kuyapata hakuhitaji bajeti. Ofisa uvuvi wetu alikuwa nayo mezani, lakini aliitwa kwenye ukaguzi kama mjumbe wa kukamilisha idadi, na hakuombwa ushauri. Alikuwa ofisa mdogo kuliko wote garini, akanyamaza. Nilipomuuliza baadaye alisema alidhani wakubwa wanajua.

Sheria ya mita 60 haikuwa adui. Tuliisoma kwa haraka tukaona inasema "jenga kwingine", na hapo tukafunga kitabu. Tungejiuliza ni kazi ipi kati ya kazi za soko inayohitaji kitu cha kudumu, mgawanyo waliokuja nao wanawake ungeonekana mwanzoni, na soko lingejengwa dogo zaidi, karibu zaidi na njia ya bajaji. Vivyo hivyo na ziara ya Feri. Madiwani walinakili meza na mifereji kwa uaminifu. Feri iko kwenye mlango wa bandari, kando ya maji ya kina, na hicho ndicho kitu kimoja cha Feri ambacho hakinakiliki kwa saruji.

Amri ya kufunga diko inastahili lawama kuliko eneo. Sheria ndogo hupitia njia ndefu: rasimu, kutangazwa kwa wananchi ili wenye pingamizi waseme, Baraza, idhini ya Waziri, Gazeti la Serikali. Maofisa wengi huiona njia hiyo kama kero. Kwetu, hatua ile ya pingamizi peke yake ingetosha kuleta alama za mkaa mezani kabla ndoo ya mtu haijamwagwa. Tulichagua tangazo kwa sababu lilikuwa la haraka, na likavunja mapato ndani ya wiki tatu. Samaki si shamba. Mwenye shamba ukimbana atalalamika akiwa palepale, lakini nahodha hugeuza usukani.

Kilichofaa kisisahaulike. Jengo lilikuwa imara na linatumika. Wanawake walioulizwa kimo cha meza walitoa jibu sahihi, jambo linaloonyesha kwamba tulijua kuuliza, ila tuliwauliza juu ya meza tu. Posi zilisaidia pande zote zilipowekwa samaki walipo. Na diwani alipokiri mbele ya kamati, maofisa wengine walipata nafasi ya kukiri nao bila kuumbuka. Bila hilo, nadhani karatasi yangu yenye maduara na misalaba ingelala kwenye jalada.

Fomu ya ukaguzi wa eneo katika kata ile iliongezewa mistari mitatu kwa kalamu: mwezi ngapi, maji yanajaa au yanapwa, nani wa eneo hilo alikuwepo. Siku za mwanzo tuliijaza kwa kumpigia simu bibi. Baadaye ofisa uvuvi akawa anaijaza mwenyewe.

Moja halijatatuliwa hadi nilipohamishwa. Diko la zamani halina choo. Cha kudumu hakiwezi kujengwa ndani ya mita 60, na familia yenye kiwanja cha nyuma ilikuwa bado haijakubaliana na halmashauri juu ya fidia. Wanawake wa mnada wakihitaji choo hutembea hadi soko jipya, dakika 15 kwenda na 15 kurudi, na humwachia jirani ndoo za dagaa juani. Ombi liliingizwa kwenye bajeti mara mbili, na mara zote mbili liliondolewa kwenye kikao cha Kamati ya Fedha.